Disketi ya Nne

Beni, 12 Februari 2024

Papa Éphraïm,

Salamu kutoka kwangu na kwa Mama. Najua utageuza bahasha hii mara mbili kuona kama jina ni lako kweli, baada ya miaka ishirini na mitano. Ni lako. Lusenge, dereva anayekuletea barua, anakuletea pia katoni kubwa niliyoifunga kwa kitenge na godoro la mtoto. Usiifungue mbele ya watu, maana utacheka.

Ndiyo, ni ileile. Kompyuta ya bureau yangu ya Butembo, nilipokuwa nawapigia watu barua, niliyonunua kwa yule Mgriki wa kahawa alipokuwa anafunga maghala yake. Nilikuja nayo Beni nilipoolewa. Mwaka 2002 lecteur, ile sehemu inayosoma disketi, ilianza kugonga, kisha ikanyamaza, na screen ikafuata. Marehemu mume wangu Valère alisema tuitupe. Niliisukuma chini ya kitanda, mbele yake nikapanga magunia ya maharage. Mafundi wa hapa wamejaribu disketi zangu kwenye mashine zao, wote wanasema zimekufa. Mimi siamini.

Sikia kwa nini nakusumbua. Unamkumbuka Mama, Mama Kitsa. Mwaka 1998 na 1999 alikuwa anakuja bureau wateja wakimalizika, anakaa kwenye benchi anasimulia maisha yake tangu Musienene alikozaliwa, na mimi napiga. Zilijaa disketi sita. Leo ana miaka themanini na minne na akili inamtoka kidogo kidogo. Amesahau majina ya ndugu zake. Lakini hajasahau kwamba aliandikwa. Kila asubuhi ananiambia, "Kavira, unisomee ile ya mashine." Ninamsimulia ninavyokumbuka, naye anatikisa kichwa. "Hapana vile. Njo ile ya mashine ninataka."

Itengeneze, nakuomba, kabla hajasahau hata kuiuliza.

Ningepiga simu, mais Lusenge aliniambia masikio yako hayaiwezi tena.

Kavira, Mama Bénie


Butembo, 19 Februari 2024

Mama Bénie,

Sikucheka. Nilifunga mlango wa atelier, karakana yangu, nikaketi nayo kama mtu aliyetembelewa.

Ni kweli kuhusu masikio. Miaka thelathini ya jenereta imeyala. Mtu akiwa mbele yangu naona mdomo wake na mambo yanaenda. Kwenye simu nasikia nyuki tu. Message nazo sizipendi, zinafupisha watu. Donc tuandikiane. Mwandiko wako bado umesimama wima.

Nimeifungua. Ndani mna harufu ya samaki wa chumvi, na huo ndio ugonjwa. Condensateur, vile vikopo vidogo vinavyotunza courant ya umeme na kuigawa polepole, zimezeeka zikavuja maji yake juu ya plaque, bao la ndani la mashine. Maji hayo yamekula njia za shaba mpaka zimekuwa kijani. Nimekuta kumi na moja kwenye mashine na tatu kwenye lecteur yenyewe. Nitazitoa zote, hata zinazojifanya nzima, kwa sababu hizo ndizo zinazomwaibisha fundi baada ya mwezi. Grisi ya lecteur imekauka ikawa gundi, nitaitoa niweke mafuta ya cherehani. Kichwa kinachosoma disketi kimeota ukungu. Sijaona kisichotengenezeka.

Nilidhani uliitupa zamani. Pole kwa Valère. Nilisikia alipofariki, nikachukua karatasi, sikujua niandike nini. Mariette wangu naye alitangulia, huu ni mwaka wa nane. Éphraïm, mtoto wetu, anafanya kazi Bunia. Nimebaki na maredio ya watu.

Leta disketi. Na umsalimie Mama Kitsa. Alikuwa ananiita "fundi" kana kwamba sikubatizwa.

Mathe


Beni, 1 Machi 2024

Papa Éphraïm,

Disketi hizi hapa, sita, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nimeziandika namba. Ya nne usiihangaikie sana, hiyo ulishaisoma. Nadhani unakumbuka. Mimi nakumbuka mpaka shati ulilovaa siku uliyonirudishia. Basi, tuache, tumekuwa watu wazima.

Jana Mama aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nikaitika. Alipouliza ile ya mashine nikamwambia mashine iko kwa fundi, Butembo. Alifurahi mno. "Iko kwa fundi? Basi itapona." Kisha akacheka peke yake muda mrefu, akaniangalia kama mtu anayejua jambo.

Sijui ana siku ngapi za namna hiyo. Fanya haraka bila kuharibu, kama ulivyozoea.

Mama Bénie


Butembo, 18 Machi 2024

Mama Bénie,

Imewaka. Screen imefunguka, ule mlio wake wa asubuhi siusikii lakini niliuhisi kwenye meza.

Condensateur zote kumi na nne ni mpya. Njia za shaba zilizoliwa nimezishona kwa waya mwembamba kuliko uzi. Lecteur nimeivunja vipande vipande, nimeipangusa kwa alcool ya pharmacie na dawa ya kutoa rangi, kila kona, kila vis, hata skrubu ndogo kabisa. Hata uchafu mwekundu ulioganda juu ya vis ya mota nimeukwangua mpaka chuma kikang'aa. Kichwa kilikuwa kimekaa kando sana, sijui ni barabara gani iliyokitikisa hivyo. Nimekinyoosha kwa kutumia disketi ya kiwanda, na sasa inaisoma bila kosa hata moja. Mashine hii haijawahi kuwa safi hivi, hata Mgriki hakuwa nayo hivi. Unaona ninajisifu. Niruhusu, siku hizi wananiletea chargeur za simu tu.

Kesho naweka disketi zako.

Mathe


Beni, 9 Aprili 2024

Papa Éphraïm,

"Kesho" yako imekuwa wiki tatu. Lusenge amepita kwako mara mbili akarudi mikono mitupu.

Sikulaumu. Lakini ujue kwamba Mama haulizi tena kila asubuhi. Sasa anauliza baada ya siku mbili, tatu. Juzi alianza, "Kavira, unisomee..." kisha akatazama ukuta, akasahau alichotaka kusomewa. Nilimkumbusha mimi. Hiyo iliniuma kuliko siku zote.

Niambie kama kuna shida.

Mama Bénie


Butembo, 13 Aprili 2024

Mama Bénie,

Vumilia kidogo. Courant inasumbua, na condensateur moja hainiridhishi, nangojea nyingine itoke Kampala. Halafu watu wa Kanyabayonga na Kirumba wanaokimbia vita wanaingia mjini na maredio yao, kila mmoja anataka kusikia habari za kwao, siwezi kuwafukuza.

Mathe


Beni, 22 Aprili 2024

Papa Éphraïm,

Lusenge anasema mashine yangu imewaka juu ya meza yako, na wewe umekaa mbele yake mikono kwenye magoti. Anasema alisimama mlangoni muda mrefu hukumwona.

Hakuna condensateur ya Kampala. Ulipokuwa unanidanganya zamani, barua zako zilikuwa fupi vilevile. Kama disketi zimekufa, sema zimekufa. Nimewazika wengi, nitazizika na hizo. Usinifanye ningojee kitu ambacho hakiji.

Kavira


Butembo, 26 Aprili 2024

Mama Bénie,

Mashine ni nzima tangu Machi. Disketi zako ni nzima pia. Hazifunguki kwa sababu yangu.

Nilikuandikia kwamba kichwa kilikuwa kimekaa kando, nikailaumu barabara. Nilikuwa nimesahau nani alikisogeza. Ni mimi.

Acha nieleze kwa lugha ya shamba. Lecteur inaandika juu ya disketi kwa mistari, kama matuta. Mashine zote za dunia zinapanda juu ya tuta lilelile, kwa hiyo kila moja inaweza kuvuna shamba la nyingine. Ukisogeza mota unywele mmoja, mashine yako itapanda kando ya tuta. Yenyewe itayapata maharage yake daima. Mashine nyingine itachimba mahali patupu na kusema disketi imekufa. Ndiyo maana mafundi wa Beni walikuambia vile. Na mimi, kwa kuinyoosha, nimeifanya kama zile nyingine.

Januari 1998 Valère alianza kuja bureau. Siku moja alisema mbele yangu kwamba ukifika kwake atakupa kompyuta mpya, hii ya Mgriki uwaachie kuku. Jumatano iliyofuata nilikuambia nakuja kutoa vumbi. Nikasogeza mota, nikafunga vis, nikakuomba vernis yako ya kucha nitie tone juu ya vis isicheze. Ulinipa ile nyekundu, ukauliza kama vis inakwenda arusini. Disketi za zamani, za barua za wateja, zilipokataa kufunguka nilikuambia zimeota ukungu. Nilidanganya. Nilitaka chochote utakachoandika kisifunguke kwenye mashine ya Valère. Ungelazimika kwenda na hii, na siku itakapougua ungenirudia. Huo ulikuwa mpango wangu wote. Nilikuwa na wivu na sikuwa na mdomo.

Kila neno la Mama Kitsa liliandikwa baada ya Jumatano hiyo.

Tone lile jekundu ndilo alama pekee ya mahali vis ilipokuwa. Nililikwangua mwenyewe nikajisifu kwako. Ili kupata mahali hapo tena inabidi kugeuza taratibu disketi ikizunguka, na kusikiliza kichwa kama kinagonga au kimeshika. Siwezi kukisikia. Nimeweka vidole. Nimeuma tournevis, bisibisi yangu, kwa meno ili mlio upite kwenye mfupa. Nasikia nyuki.

Nilimfungia mama yako maneno yake kwa vis moja, na sasa siwezi kumfungulia. Sina la kujitetea.

Mathe


Beni, 4 Mei 2024

Mathe,

Nilisoma barua yako, nikaiweka chini ya sahani, nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nina hasira nawe. Naandika wazi ili usidhani nimeimeza. Miaka yote hii Mama angeweza kusomewa kwenye mashine yoyote, akili yake ikiwa bado nzima, akaongeza, akasahihisha, akacheka. Umemnyima hayo.

Nina swali moja pia, kubwa kuliko hasira. Sitaliuliza leo. Kwanza kazi.

Masikio yako hayafai, yangu bado yanafaa. Sauti ya lecteur ile naijua kuliko sauti za watoto wangu. Ikikosa, inagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Ikishika, inafanya sha-sha-sha kama mtu anayepeta maharage. Jumatano tarehe 8, saa tatu asubuhi, weka simu yako juu ya lecteur. Nitapiga, utapokea, hatutasema kitu. Wewe geuza, mimi nitasikiliza. Nikisikia imeshika, nakata simu. Ukiona mwanga wa simu umezima, acha mkono hapohapo. Mtandao ukikata wenyewe, nitapiga tena mara moja. Nisipopiga, ujue ni mimi.

Kavira


Butembo, 20 Mei 2024

Kavira,

Mwanga ulizima mara nne. Mara tatu uliwaka tena kabla sijavuta pumzi, nikakasirikia mtandao kama mtoto. Mara ya nne nilingoja. Mkono uliokuwa na tournevis ulianza kufa ganzi, jasho likadondokea kwenye meza. Haukuwaka. Nilipoinua macho, majina ya faili yalikuwa yamejipanga kwenye screen, yote, na tarehe zake za 1998.

Nataka kusema jambo kuhusu saa zile. Nilikuwa sisikii kitu na nilijua uko upande wa pili unanyamaza kwa ajili yangu. Tangu Mariette afariki sijakaa karibu na mtu namna ile. Nilitamani isishike upesi. Nisamehe kwa hilo pia.

Nimeweka tone la vernis juu ya vis. Nilinunua chupa sokoni, mama muuzaji akanitazama vibaya.

Imprimante ya kuchapishia ya mashine ya aina hii haipo tena, kwa hiyo nimekaa mbele ya screen nikanakili kwa kalamu. Utakuta maneno ya disketi zote sita ndani ya bahasha hizi, yamepangwa. Mama Kitsa alikuwa anasema vizuri. Ile sehemu ya viazi vya Musienene na mvua ya mawe nimecheka mpaka jirani akaja.

Sasa disketi ya nne. Swali lako nalijua, na nalijibu kabla hujaliuliza.

Julai 1999, wiki tano kabla ya arusi yako, ulinipa disketi hiyo ukasema, "Soma hii kwenye mashine ya atelier yako, halafu uniambie." Niliiweka. Haikufunguka. Ingefungukaje, na ni mimi niliyeifunga? Kama ningesema haifunguki ungeniuliza sababu, na sababu ilikuwa aibu yangu. Jumatano nilikurudishia nikasema, "Nimesoma, asante." Ulisimama kidogo mlangoni, kisha ukaenda. Sikuelewa ulikuwa unangojea nini.

Sikuwa nimesoma, Kavira. Nimeisoma juma lililopita kwa mara ya kwanza. Nakunakilia hapa, ingawa ni vidole vyako vilivyoyapiga:

"Fundi anakuja kila Jumatano na mashine haina ugonjwa. Binti yangu anapiga haya ninayosema na anajifanya ni ya mtu mwingine. Valère ni mtu mwema, ana duka, na wajomba wanamtaka. Lakini mbuzi zake za mahari hazijafika. Kama huyu fundi atafungua mdomo kabla mbuzi hazijafika, mimi nitasimama upande wake mbele ya wajomba wote. Asiposema, sitamsemea."

Niliharibu karatasi tatu kabla ya kuuandika mstari wa mwisho ukasomeka. Maisha yangu yote nilijiambia kwamba ulichukuliwa na mimi sikuulizwa. Kumbe niliulizwa.

Mathe


Beni, 30 Mei 2024

Mathe,

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nilingoja pale mlangoni mpaka nikaona haya. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama, "Amesoma, anasema asante." Mbuzi zilifika wiki ile. Valère alinitunza vizuri, simsemi vibaya, nimemzalia na nimemlilia. Lakini kila nilipofungua mashine ile kupangusa vumbi na kuona vis nyekundu, nilikumbuka kwamba kuna mtu alijua kila kitu akachagua kunyamaza. Ilipokufa sikukuletea kwa sababu hiyo. Na mwezi wa pili nilipokuletea, haikuwa kwa ajili ya Mama peke yake. Sasa umeyajua yote.

Namsomea kila asubuhi. Nilipoanza ukurasa wa kwanza alinishika mkono. "Ndiyo vile," akasema. "Njo ile." Tulipofika kwa ndugu zake alinitangulia kutaja majina, sita yote, binti yangu Bénie akatoka nje kulia. Kuna siku anasinzia katikati, namsomea hivyohivyo.

Tulipofika disketi ya nne alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na ule fundi, alishasema?"

Nikamwambia bado.

"Bambuzi balishafika?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Basi, atasema."

Kesho yake alitaka ukurasa uleule, akauliza yaleyale. Hata leo. Amemsahau Valère, arusi ameisahau, akimwona Bénie anamuuliza ni mtoto wa nani. Kwake ni Julai bado, mbuzi ziko njiani, na yeye yuko tayari kusimama mbele ya wajomba. Kila siku namwambia bado, na kila siku neno hilo linanichoma mimi, si yeye.

Sikuambii ufanye nini. Zamani nilikupa disketi, ukasema umesoma. Sasa umesoma kweli.

Kavira


Butembo, 3 Juni 2024

Kavira,

Leo Jumatatu Lusenge anabeba barua hii. Keshokutwa atanibeba mimi. Nimemwomba kiti cha mbele, mashine nitaipakata mwenyewe ili vis isicheze.

Mwambie Mama Kitsa kwamba fundi anakuja Jumatano. Mashine haina ugonjwa. Anakuja kusema.

Mathe